Kikaratasi cha Manjano cha Hajiya Yagana

Mjini kwetu watu humwogopa Hajiya Yagana Kyari kuliko wanavyomwogopa hakimu, na mimi niliyemwendesha miaka kumi na tisa nakwambia hawajakosea. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na ana tabia ya kunusa. Ukimpa karanga, ananusa. Ukimpa barua ya mkuu wa chuo, ananusa kwanza, ndipo anasoma. Siku niliyoajiriwa kuwa dereva wa chuo cha mifugo aliingia garini, akavuta pumzi, akaniambia, "Direba, humu ndani kuna mtu alikula samaki juzi na hakunawa." Mtu huyo nilikuwa mimi. Tangu siku ile nikampa heshima yake.

Kazi yake ni ya maabara. Watu humletea matumbo ya mbuzi waliokufa, maji ya visima, magome, mizizi na majani, naye huvichemsha, huvitikisa, huvitilia dawa za chupani mpaka viseme vina nini ndani yake. Povu likikaa, kuna kitu fulani. Maji yakigeuka meusi, kuna kingine. Daktari mwenye maabara yake, yule wa shahada tatu na ofisi yenye kiyoyozi, huishi mji mkuu na kututembelea kama mgeni wa sikukuu. Saini ambayo wafugaji huiamini ni ya Yagana.

Kwao ni Maiduguri, Mkanuri wa damu, mwenye chale mashavuni na baba aliyeuza samaki wakavu. Ndoa ndiyo iliyomleta kwetu. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja na lori kumchukua, yeye na vyombo vyake. Aliwaandalia tuwo, wakala wakashiba, kisha akawaambia ana chupa mbili za maabara ziko jikoni zinachemka na hawezi kuziacha. Huo ni mwaka wa ishirini na sita, na ndugu bado wanangoja chupa zipoe.

Kwetu Mkanuri na Mfulani ni watani, na utani wao si wa kuchekeana tu. Mtani wako hukutukana mbele za watu nawe huna ruhusa ya kununa. Mtani akikuomba jambo siku ya msiba, humkatalii. Basi Ardo Buba, mkuu wa kambi ya Wafulani iliyoko ng'ambo ya bonde, kila Alhamisi ya gulio alikuwa haendi nyumbani kabla ya kupita maabara kupata matusi yake ya wiki.

"We mtumwa wangu," alikuwa akisema akiwa bado mlangoni, fimbo begani, "nani kakufungua kamba?"

"Bwana wako ndiye mimi. Nilitaka kukuuza leo, ila nani atanunua mzee anayenuka maziwa?"

"Afadhali maziwa kuliko samaki wa baba yako."

"Na mkeo hajambo? Yule wa miguu minne?"

"Hajambo kabisa. Asubuhi ametoa lita tatu. Wewe mwenzake umetoa nini?"

Hapo wanafunzi walicheka mpaka wakashika meza, na Yagana mwenyewe alijifanya anatafuta kitu chini ya sinki ili asionekane anacheka.

Kisha mwezi wa nne ukafika, mwisho wa kiangazi, wakati ambapo nchi nzima imekuwa rangi ya kuta. Asubuhi moja ng'ombe wa Ardo walikuwa wanakwenda kunywa maji kwenye bwawa la Tudun Rafi, kijiji cha wakulima. Walikunywa, wakatoka, na hawakufika mbali. Walianza kuyumba, wakatanua pua wakitafuta pumzi, wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe kumi na tisa kabla jua halijawa kali. Gidado, mtoto mkubwa wa Ardo, alikimbia na kisu akiwachinja wale waliokuwa bado na roho ili wasife mizoga, akichinja na kulia. Mfulani humjua kila ng'ombe wake kwa jina, kama Ole, kipenzi cha Ardo aliyeanguka miongoni mwao, na kwa jina la mama yake ng'ombe. Kwa hiyo usihesabu kumi na tisa kama unavyohesabu magunia.

Wiki moja kabla, kulikuwa na maneno kati ya kambi na kijiji juu ya njia ya mifugo, maana wakulima walikuwa wamefyeka kichaka kando ya njia ile wapate mashamba. Sasa ng'ombe wamekunywa bwawani kwa wakulima na wamekufa. Huhitaji kuwa na shahada kujua vijana walisema nini.

Bwana mifugo, kijana mwenye akili, aliomba jambo moja: kabla ya kumnyooshea mtu kidole, vipimwe vitu vyote ng'ombe walivyotia mdomoni asubuhi ile. Maji yalipelekwa mji mkuu, kwenye mashine za kupima dawa za shambani, na tukaambiwa majibu ni baada ya wiki sita. Mabua ya mtama yaliletwa kwetu. Na kwa kuwa wachungaji walisema ng'ombe waling'ata njiani majani ya mtundakula, ule tunaouita tsada, yakatakiwa na hayo.

Ardo alikuja mwenyewe na kibuyu kilichofunikwa kitambaa cheupe. Siku hiyo hakutukana mtu.

"Mnapoteza muda," alisema. "Tsada? Matunda yake wanangu wameyala kabla hawajaota meno. Mtoto akipata homa, tsada. Jino likiuma, tsada. Mti huo ni mama yetu wa pili."

"Nitauuliza mwenyewe," Yagana alimjibu, taratibu. Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na unga wa kijani, laini kama poda ya mtoto. Akaunusa, akaguna. "Nani kauandaa?"

"Inna Daneji, mke wangu."

"Mwambie mikono yake ni mizuri. Wanafunzi wangu hapa wananiletea majani yenye mchanga na mavi ya kuku."

Nilikuwepo nimeegemea mlango, nikasikia sifa hizo kwa masikio yangu, wala sikuona kosa lolote. Yagana naye hakuliona. Kwetu majani yakipelekwa kwa mtu wa dawa hupelekwa hivyo, safi, yametwangwa na kuchekechwa. Ukimpelekea majani mabichi na matawi yake, umemtukana.

Akapima siku mbili. Mwisho akafanya kipimo cha sumu ile ya muhogo mchungu. Hukiita kipimo cha maskini, kwa sababu hakihitaji umeme: unatia kitu chako kwenye chupa na maji kidogo, unaning'iniza ndani kikaratasi kilichochovywa dawa ya manjano, unafunga kizibo, unangoja. Sumu ikiwemo, hupanda kama harufu na kukigeuza kikaratasi kikawa chekundu. Kikaratasi cha Inna Daneji kilikaa mpaka kesho yake, manjano tupu. Yagana akaandika ripoti: mtundakula hauna sumu iliyoonekana. Mabua ya mtama hayana. Akatia saini yake, ile wanayoiamini.

Ripoti hiyo ndiyo iliyotaka kutuua sote.

Maana hesabu ilikuwa nyepesi. Kama si majani na si mabua, yamebaki maji, na maji yana wenyewe. Chifu aliita baraza la Jumamosi, saa tatu asubuhi, pande zote mbili zije. Lakini Ijumaa baada ya swala nikiwa sokoni, mchoma nyama mmoja asiyejua kunyamaza aliniambia vijana wa kambi hawataingoja saa tatu. Watashuka Tudun Rafi alfajiri. Na wa Tudun Rafi nao walikuwa wamesikia, mapanga yalikuwa yananolewa tangu Alhamisi.

Nikaenda kumwambia Yagana. Alikuwa anakula kosai, zile bagia za kunde, zilizopoa. Akaziweka chini.

"Washa gari," alisema. "Nakwenda kuhani."

"Kuhani nani, Hajiya? Wamekufa ng'ombe."

"Kwa Mfulani hakuna tofauti. Na mimi mtani nimechelewa."

Tulifika kambini jua limeanza kulegea. Watu wamekaa makundi makundi, hakuna anayeinua macho. Nilitamani tugeuze. Yagana alishuka, akafunga kitambaa kiunoni, akaanza kulia kwa sauti kuu kama mtu aliyefiwa na mama.

"Uwiii! Ole wangu! Ole mwenye pembe nzuri! Umeniacha na nani? Mimi nilipofiwa na mume wangu, Wafulani hawa walikuja wakala wali wangu wakaondoka! Leo kafa ng'ombe wao, wamesahau hata kuoga!"

Nikatazama funguo za gari. Kisha kikongwe mmoja akapasuka kicheko, wanawake wakafuata, na Ardo Buba, aliyekuwa hajala siku tatu, akajifunika uso kwa kilemba, mabega yakitikisika. Sijui kama alikuwa anacheka au analia. Nadhani vyote viwili, na sioni aibu kusema hata mimi macho yalinilowa.

Wakamletea kiti na bakuli la fura, uji wa nafaka na maziwa. Alipokuwa anakunywa, akageuza kichwa. Ananusa.

"Nini kile?"

Nyuma ya kibanda Inna Daneji alikuwa kwenye kinu. Mjukuu wake alikuwa na homa. Yagana akasimama na bakuli lake mkononi, akaenda mpaka pale, akainama juu ya kinu mpaka miwani ikaning'inia kwa uzi wake. Nilimfuata. Ndani ya kinu mlikuwa na majani machanga, mabichi, yamepondeka, na hata pua yangu mbovu ilipata kitu: harufu ya uchungu, kama maji ya muhogo mchungu ukiwa umeumenya na kuuacha kwenye beseni.

"Inna," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa jibu, "ule unga ulioniletea ulianza hivi? Uliyatwanga mabichi?"

"Mabichi, mwanangu. Yakikauka hayatwangiki vizuri."

"Halafu?"

"Halafu nikaanika kwenye mkeka, siku tatu, nikigeuza geuza. Nikatwanga tena. Nikachekecha mara mbili." Mama wa watu akawa na wasiwasi. "Kwani nimekosea? Ningempelekeaje mtu wa serikali majani kama ya mbuzi?"

Yagana alikaa chini, palepale kwenye vumbi, bakuli likamwagika mapajani.

"Hukukosea wewe," alisema. "Nimekosea mimi. Ng'ombe hawana kinu, Inna. Nilipima dawa. Sikupima walichokula ng'ombe."

Akanieleza kwa haraka, na kama mimi niliyeishia darasa la sita nilielewa, nawe utaelewa. Sumu ya namna ile haikai. Ukiponda jani bichi inaamka, ukilianika inapaa na upepo. Ndiyo maana muhogo mchungu unatwangwa, unalowekwa, unaanikwa, kisha unaliwa na watoto. Unga wa Inna Daneji ulikuwa safi kwa sababu mikono yake ilikuwa imeusafisha, kama ilivyofanya mama yake na nyanya yake bila kuambiwa na mtu kwa nini.

Lakini kunusa si kupima, na saini yake ilikuwa tayari kwa chifu. Akanyanyuka, akaenda kwa Ardo.

"Nipe mpaka baraza la kesho. Asitoke kijana hata mmoja."

Gidado alikuwa amesimama karibu. Ni kijana mrefu, mkimya, na ukimya wake ule ndio uliotisha.

"Hajiya, kwa heshima yako," alisema. "Uliandika mwenyewe kwamba si mti. Tumesomewa. Leo unataka nini?"

"Nataka kusema niliandika vibaya."

"Na kesho kutwa utasema uliandika vizuri? Baba, huyu ana rafiki kijijini."

"Rafiki yangu kijijini ni nani? Nitajie, nikamdai mahari." Wachache wakacheka, yeye hakucheka. Basi Yagana akafanya jambo ambalo nitalisimulia mpaka meno yaishe. Alikwenda kwenye lango la boma, pale kwenye pengo la miiba, akatandika kitambaa chake, na Hajiya mzima, mwenye miaka hamsini na saba na magonjwa ya magoti, akalala chali kukatisha njia.

"Ardo Buba! Msiba uko nyumbani kwako na mtani wako anakuomba. Ukinikatalia, useme wazi mbele ya wazee hawa kwamba utani wa babu zetu umekufa pamoja na Ole. Na nyie vijana, mnaotaka kutoka piteni, ila mtamkanyaga bwana wenu!"

Ardo alimsogelea.

"Inuka, we mtumwa," alisema mwishowe. "Unawachafulia ng'ombe wangu njia." Kisha akamgeukia mwanawe, na hapo hakukuwa na mzaha hata chembe. "Gidado. Amesema kesho. Ni kesho."

Nilipokuwa namrudisha mjini, nilimwuliza kwa nini tusichume majani tukapime kabisa, ili ajue anasimama wapi.

"Nikipima peke yangu watasema nimepika," alijibu. "Nitapima mbele yao. Nikishindwa, niwe nimeshindwa mbele yao."

"Na ukishindwa?"

"Basi wewe geuza gari liangalie njia ya kutokea."

Asubuhi tulipita njiani pale na mashahidi wanne, wawili wa kambi, wawili wa kijiji, hawatazamani. Kando ya njia, pale wakulima walipofyeka, kila kisiki cha mtundakula kilikuwa kimechipua machipukizi mengi, laini, ya kijani kibichi kabisa, katika nchi isiyo na kijani kingine. Zamani ilikuwa miti mirefu yenye miiba, ng'ombe hung'ata jani moja hapa na moja pale. Sasa ilikuwa meza iliyotandikwa kwa wenye njaa. Mashahidi wakachuma kwa mikono yao, wakafunga kwenye kitambaa, na kitambaa kikashikwa na watu wote wanne, kila mmoja pembe yake.

Uwanja wa chifu ulijaa. Wakulima kushoto, Wafulani kulia, askari watatu katikati wakijifanya hawaogopi. Chifu akaamuru ripoti isomwe. Karani akafungua kinywa, Yagana akasimama.

"Usiisome. Ripoti hiyo niliiandika mimi, na ni mbovu."

Mguno ulipita watu wote. Sarkin Noma Tanko, mkuu wa wakulima, mzee mkavu kama kuni, alishika kichwa. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu hajawahi kufuta hata nukta, na leo anajivua nguo hadharani. Niliona aibu kwa niaba yake, kisha nikaona fahari, kisha nikaona aibu tena.

Alieleza kosa lake bila kumtaja Inna Daneji kwa ubaya. Akatoa chupa nne, akazipanga juani kwenye mkeka wa chifu: unga, mabua, maji ya bwawa, na majani mabichi aliyoyaponda pale pale na kinu kidogo. Kwenye kila chupa akaning'iniza kikaratasi cha manjano. Akafunga vizibo. "Sasa tungoje," alisema, akakaa.

Watu hawajui kungoja. Dakika kumi, hakuna kitu. Mtu mmoja upande wa kulia akasema kwa sauti, "Mkanuri anatuonyesha mazingaombwe," na wengine wakaanza kusimama. Gidado alikuwa tayari amesimama. Yagana hakutazama chupa, alitazama mikono yake. Mimi ndiye niliyekuwa naitazama ile chupa ya nne mpaka machozi yakanitoka kwa jua, na mimi, Direba, ndiye niliyepiga kelele kwanza.

"Inageuka! Wallahi inageuka!"

Ukingo wa kikaratasi ulikuwa umepata rangi ya chungwa. Watu wakasogea, askari wakasukumwa, chifu mwenyewe akapiga magoti kwenye mkeka wake. Chungwa likawa kutu, kutu ikapanda juu, na mwishowe kikaratasi chote kikawa chekundu kama tofali la kuchomwa. Vile vitatu vilibaki manjano. Kelele ya uwanja ule sijawahi kuisikia tena.

Lakini Gidado aliinua fimbo, na watu wakamnyamazia.

"Nina swali, Hajiya. Karatasi yako inaona sumu ya jani. Je, inaiona dawa ya shambani? Maana maji nayo yamebaki manjano, na huenda karatasi ni kipofu."

Nilimchukia wakati ule. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa na wanafunzi wetu.

"Ni kipofu," Yagana alisema. Upande wa kushoto ukashusha pumzi kama mtu aliyepigwa. "Dawa ya shambani haiioni kabisa. Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa ulikuwepo. Umeshawahi kumwona ng'ombe aliyekula mazao yaliyopuliziwa dawa?"

"Nimeona. Mwaka juzi, wawili."

"Wakafanyaje?"

"Mate yalitiririka kama kamba. Wakaharisha. Ngozi ilitetemeka kutwa nzima kabla hawajafa."

"Na hawa kumi na tisa?"

Gidado akashusha fimbo.

"Mate hayakuwepo," alisema. "Walikosa pumzi. Waliondoka upesi."

"Wewe ndiye uliyechinja. Damu ilikuwaje?"

Aliitazama mikono yake. Aliijibu mikono yenyewe, si Yagana.

"Nyekundu. Nyangavu, kama ya ndama. Nilistaajabu. Nilisema, damu nzuri hivi, mbona mnakufa?"

"Hiyo ndiyo sahihi ya sumu hii, mwanangu. Hewa imo ndani ya damu, mwili unashindwa kuichukua. Karatasi yangu ni shahidi mmoja. Wa pili ni wewe."

Kisha Ardo akauliza kwa unyonge, "Na matunda je? Na dawa ya Inna?"

"Kuleni matunda yenu. Na dawa ya Inna iacheni mikononi mwa Inna, anayejua kuianika. Mnaokimbilia jani bichi, na nyie wenye ng'ombe wenye njaa, ndio muuogope mti huu."

Gidado alivuka uwanja. Askari mmoja akagusa bunduki, chifu akamzuia kwa jicho. Kijana alikwenda mpaka mbele ya Sarkin Noma Tanko, akaweka fimbo chini, akachuchumaa kama mtoto anayemsalimu babu yake.

"Baba, leo nisingepata kukuambia neno hili, kwa sababu alfajiri nilikuwa nimepanga kukuua. Nisamehe."

Mzee alimshika mabega. "Mwanangu, visiki vile tumeviacha sisi. Hatukujua. Tusamehe na sisi." Akamwinua kwa mikono miwili, na hapo wanawake wa pande zote mbili wakapasua vigelegele, na watu waliokuja na mapanga chini ya kanzu wakawa hawajui wayaweke wapi.

Jumatatu yake vijana wa kambi na wa kijiji waling'oa visiki vya kando ya njia pamoja, kwa majembe ya kijiji na maziwa ya kambi, wakaiacha miti mikubwa isimame. Majibu ya maji yalikuja baada ya wiki saba, safi, na hakuna aliyekuwa anayangoja tena. Ripoti mbovu Yagana alikataza isichanwe. Ipo kwenye jalada, imeandikwa juu yake kwa mkono wake, "Nilipima dawa badala ya lishe. Y. Kyari," na kila mwanafunzi mpya husomeshwa ripoti hiyo kabla ya kugusa chupa.

Ila mimi ninachokumbuka ni safari ya kurudi Jumamosi ile. Alikaa garini, miwani mkononi. Nilidhani amechoka. Tulipofika juu ya kilima, mahali unapoona bwawa, kijiji na kambi kwa pamoja, aliniambia nisimame. Chini kule moshi wa chakula cha mchana ulikuwa unapanda kila nyumba, pande zote mbili, na siku hiyo halikuchimbwa kaburi hata moja. Hajiya Yagana Kyari akashuka, akashika kiuno, akainua uso, akapiga kigelegele peke yake, kirefu, cha nguvu, kama mama wa bibi harusi, mpaka ng'ombe wa bondeni wakainua vichwa. Akapiga cha pili. Cha tatu nilimpigia honi.